Dawati Lililokataa Kuwaka

Kiwanda cha chai husikika kabla hakijaonekana. Inspekta Kiptanui alilijua hilo tangu utotoni, alipokuwa akipeleka ng'ombe mtoni huku viwanda vya mashamba makubwa vikinguruma ng'ambo ya bonde mchana kutwa. Lakini Jumanne ile ya mwezi wa Mei 1973, Land Rover yake ilipomaliza mlima wa mwisho baada ya Mogogosiek na kiwanda kipya cha Kaptulwo kikajitokeza mbele, hakukusikika kitu. Mabati yalikuwa mapya. Bomba la moshi lilikuwa safi, halijawahi kutoa moshi. Nje ya geti wakulima wapatao mia moja walisimama kwenye manyunyu, magunia kichwani, wakilitazama jengo.

Nyuma ya gari, katikati ya askari wawili, aliketi mtu mmoja mwembamba wa miaka hamsini na kitu, pingu mikononi. Jina lake Mosoti. Alizaliwa Kisii, akaja Kericho akiwa kijana wa kuchuma chai, na kwa miaka ishirini na miwili akajifunza umeme katika karakana ya shamba moja la Wazungu, akianza kwa kushikilia ngazi. Cheti hakuwa nacho. Ndiye aliyejenga dawati la swichi la kiwanda kipya, lile linaloamrisha mashine zote, na sasa dawati hilo lilikuwa limekufa na yeye alikuwa ameshtakiwa kwamba ndiye aliyeliua.

Kiptanui alifungua faili juu ya magoti. "Mzee Mosoti, meneja anasema Jumamosi ulimwambia hivi: 'Hiyo kitu haitawaka kama mimi sipo.' Ulisema?"

"Sikusema hivyo, Afande. Nilisema, isiwake kama mimi sipo."

"Rudia."

"Isiwake. Nilikuwa naomba. Mashine mpya inataka mwenye aliifunga awe karibu siku ya kwanza. Kukitokea harufu ya kuungua, nani mwingine atajua inatoka wapi?"

Kiptanui alitoa kalamu. Chini ya neno "haitawaka" aliandika "isiwake", akapiga mstari chini ya yote mawili. Mtu alikuwa amelala selo kwa sababu ya tofauti ya maneno hayo.

Alikuwa amemchukua Mosoti kituo cha Bomet asubuhi mapema, na kabla ya kushika njia ya kiwandani alipitia Merigi. Huko katekista alimwonyesha daftari la ubatizo. Mjukuu wa Mosoti alibatizwa Jumapili. Babu alikuwapo tangu Jumamosi usiku mpaka Jumatatu saa nne, akazuiwa na matope njiani, akafika kiwandani saa kumi na moja jioni. Askari walikuwa wanamngoja getini. Hakupewa hata nafasi ya kuliona dawati lake.

Kiptanui hakumwambia mtu juu ya Merigi. Alitaka kwanza kusikia wengine.

*

Meneja, Bwana Kipkorir, alikuwa hajalala. Macho yalikuwa mekundu na tai ilikuwa imelegea shingoni.

"Inspekta, umeleta huyu mtu hapa tena?"

"Nimemleta."

"Wakulima wakimwona watamrarua. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka ghorofani, ambako majani mabichi yalitandazwa juu ya vitanda virefu vya waya. Chini ya kila kitanda kulikuwa na feni kubwa ya kupuliza hewa, na hakuna iliyozunguka. Wanawake kama thelathini walitembea kati ya vitanda wakiyageuza majani kwa mikono. Walikuwa wamefanya hivyo tangu jana jioni, kwa zamu.

"Weka mkono," Kipkorir alisema.

Kiptanui aliingiza mkono katikati ya majani. Yalikuwa na joto, kama mkate uliotoka kwenye oveni muda si mrefu.

"Yanajipasha moto. Yakianza kuwa mekundu, ni mbolea. Kilo elfu saba, Inspekta. Jani la kwanza la hawa watu katika kiwanda chao wenyewe. Zamani walipeleka kwa wengine na kurudishiwa nusu, ati ni bovu. Leo tukitupa haya, nani atatuletea tena?"

"Tuna mpaka saa ngapi?"

"Saa saba. Ikizidi hapo, basi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

Msichana aliyesimama mlangoni na daftari la kupokea majani aliwapisha. Kiptanui alimsalimu, "Chamgei," naye akaitikia, "Chamgei mising," akainamisha macho. Jina lake lilikuwa Tecla. Kiptanui aliona kwamba alipotajwa Mosoti, kidole chake kilisimama juu ya daftari.

*

Aliyeandikisha mashtaka alikuwa Injinia Kebaso, kijana wa miaka ishirini na minane aliyeletwa na kampuni ya Nairobi kusimamia ufungaji wa mashine. Suti yake ilikuwa nzuri, viatu vimeng'arishwa, na alikuwa amesoma vizuri. Kiptanui alimhoji ofisini kwa meneja, mlango umefungwa.

"Eleza kilichotokea."

"Jumamosi asubuhi tulilijaribu. Liliwaka vizuri. Mimi na meneja tuliondoka saa sita mchana. Jumapili nilikuwa Kericho hotelini. Jumatatu saa kumi, majani yamefika, nazungusha ufunguo, hakuna taa. Fyuzi imeungua. Nikaweka nyingine, ikaungua. Mpaka sasa fyuzi tano."

"Ukafungua nyuma kuangalia?"

"Hapana. Nilisema polisi waje kwanza. Sikutaka kuharibu ushahidi."

"Vizuri. Kwa nini unasema ni Mosoti?"

"Nani mwingine? Ni yeye alilifunga. Na aliapa halitawaka bila yeye. Alitaka apigiwe magoti, Inspekta. Hawa watu wasio na cheti wako hivyo, wanafunga kitu kienyeji ili mwingine asiweze kukielewa."

"Kienyeji vipi?"

"Vipi? Hata rangi za waya hafuati! Waya ya kikausho inatakiwa bluu kama zile nyingine, yeye ameweka ya njano. Fundi gani hufanya hivyo?"

Kiptanui aliandika yote, pamoja na ile ya njano. Kisha akauliza, "Injinia, wewe unaweza kulitengeneza?"

Kebaso alikunja mikono kifuani. "Nitahitaji mchoro. Yeye hana mchoro. Yote yako kichwani mwake."

"Basi tutakitumia hicho kichwa."

*

Dawati lilisimama chini, katikati ya ukumbi wa mashine, urefu wa meza ya mwalimu na upana wa kitanda. Lilikuwa la bati zito la chuma, limepakwa rangi ya kijani kibichi. Juu lilikuwa na safu ya vibonye na taa ndogo, na kila moja chini yake kibao kilichoandikwa kwa mkono, herufi zimesimama sawasawa: FENI, MASHINE YA KUSAGA, KIKAUSHO, UCHUJAJI. Kiptanui alipitisha kidole kwenye kona. Hakuna ncha iliyokwaruza. Mtu alikuwa ameipiga tupa kila kona kabla ya kupaka rangi, hata zile za chini ambazo hakuna mtu angeziona.

Alitoa ufunguo mdogo, akafungua pingu.

"Inspekta!" Kipkorir alisema. "Unamwachia aguse?"

"Kwa sharti moja. Mzee Mosoti, sikiliza. Kabla mkono wako haujaenda mahali, mdomo utangulie. Unasema unataka kufanya nini na kwa nini. Mimi naandika. Halafu ndipo unafanya. Injinia Kebaso atasimama hapa akuangalie. Umeelewa?"

Mosoti alisugua vifundo vya mikono. "Nimeelewa. Hata mimi hufanya hivyo nikiwa peke yangu, ila watu hucheka."

Aliomba vifaa vyake. Vilikuwa ndani ya mkoba wa turubai: bisibisi tatu, koleo, na kipimo alichojitengenezea mwenyewe, betri mbili za tochi zilizofungwa pamoja, balbu moja, na nyaya mbili zenye ncha.

"Hii ni rahisi, Afande. Ncha mbili zikipata njia ya kukutana, balbu inawaka. Zisipopata, haiwaki. Haijui kusema uongo."

"Endelea."

"Nataka kuona fyuzi zilizoungua."

Kebaso alizitoa mfukoni. Mosoti aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, halafu akampa Kiptanui.

"Angalia kioo. Unaona ni nyeusi ndani? Fyuzi ikichoka polepole kwa mzigo mkubwa, uzi unayeyuka na kioo kinabaki safi. Hii imepigwa mara moja. Umeme umetoka tu, ukapata njia ya mkato kuingia ardhini. Kwa hivyo hakuna kitu kimekatika ndani. Kuna kitu kimegusa mahali hakifai kugusa."

Kiptanui alikuwa ameangalia majeraha mengi katika kazi yake, na daktari wa serikali alikuwa amemfundisha kutofautisha la kisu na la panga. Hakuwahi kufikiri kwamba kipande cha kioo kidogo kuliko kiberiti kingeweza kusomwa vivyo hivyo. Aliandika: *kioo cheusi = pigo moja.*

"Sasa nataka kujua kama umeme unafika."

Ulifika. Taa za ofisi zilikuwa zinawaka kutoka kwa jenereta ileile iliyolisha dawati. Mosoti alijaribu ufunguo wa dawati kwa balbu yake; ufunguo ulikuwa mzima. Akaweka ncha moja kwenye waya unaotoka kwa fyuzi, nyingine kwenye bati la dawati. Balbu ikawaka.

"Hapa haifai kuwaka," alisema. "Hiyo ndiyo njia ya mkato. Sasa nataka kufungua nyuma."

Walizunguka. Mlango wa nyuma wa dawati ulishikwa na skrubu nane, nne kila upande. Mosoti alichuchumaa, akainua bisibisi, kisha akaishusha.

"Afande, mtu amefungua hapa."

"Unajuaje?"

"Nenda mbele, uangalie skrubu za juu ya vibonye. Angalia ule mfuo wa kuingiza bisibisi."

Kiptanui alikwenda mbele. Kulikuwa na skrubu ishirini na nne. Mifuo yote ishirini na minne ilisimama wima, kama askari kwenye gwaride. Alirudi nyuma. Hapa mmoja ulilala, mwingine uliinama, mwingine ulikuwa umechubuliwa na bisibisi isiyoutosha.

"Bwana Kroft, yule Mzungu aliyenifundisha, alikuwa anatuchapa kidole tukiacha umelala," Mosoti alisema. "Alisema, ukiisimamisha yote, siku moja ikigeuka utajua bila kuuliza."

Kipkorir aliinama, akatazama, akaenda mbele, akarudi.  Kebaso alikuwa akitazama majani yaliyoanguka sakafuni.

"Kila skrubu ikitoka nipe mimi," Kiptanui alisema. Alitandaza gazeti juu ya kasha, akachora miraba minane, akaipa namba kufuata matundu. Huo ulikuwa utaratibu wake hata akikusanya maganda ya risasi: kitu kikitoka mahali pake, mahali pake paandikwe. Skrubu zilikuja moja moja, zimejaa grisi. Saba zilikuwa za shaba. Ile ya sita ilikuwa ya chuma. Aliandika hivyo, ingawa hakujua ina maana gani.

Mlango ulitoka.

Kiptanui hakuwa fundi, lakini alisimama akatazama kwa muda. Nyaya zilipita ndani kwa mafungu, zimefungwa kwa uzi kila upana wa vidole vinne, na kila fungu liligeuka kona bila kupishana na lingine. Katikati kulikuwa na swichi tatu kubwa za sumaku. Mmoja wa wanawake wa ghorofani, aliyekuwa ameshuka kunywa maji, alisimama pia. "Ni kama ususi," alisema taratibu.

"Tatu tu?" Kipkorir aliuliza. "Injinia, michoro yenu ilikuwa na sita."

"Ilikuwa na sita," Kebaso alijibu.

Mosoti aligusa tena kwa ncha zake: waya wa fyuzi, na bati la dawati. Balbu haikuwaka. Akagusa tena. Haikuwaka. Uso wake ulikunjamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Imeenda," alisema.

"Nini imeenda?"

"Ile njia ya mkato. Haipo."

"Weka fyuzi!" Kipkorir alisema. Mosoti aliweka, akazungusha ufunguo, na taa zote za dawati zikawaka, nyekundu na kijani. Ghorofani mtu alipiga kigelegele. Kipkorir alimshika Mosoti bega. "Washa feni! Washa zote!"

"Hapana, Bwana Meneja."

"Hapana nini? Saa tano inakaribia!"

"Sijatengeneza kitu. Nimefungua mlango tu. Mgonjwa akipona na wewe hujui alikuwa na ugonjwa gani, usimtume shamba." Mosoti alizima ufunguo. "Na siwezi kuacha nyuma wazi. Sakafu ina maji, na hawa kina mama wanapita hapa na nguo zimelowa. Mtu akianguka akashika hapo ndani, tutamzika."

"Mnaona!" Kebaso alisema kwa sauti. "Ametengeneza kwa ujanja, mbele ya macho yenu. Alijua mahali alipoharibu. Ameficha mkono wake."

Kiptanui aliinua daftari. "Nimeandika kila mahali mkono wake ulipokwenda, Injinia. Haujaingia ndani." Akamgeukia Mosoti. "Mzee, dawati likiwa wazi ni zima, likifungwa linakufa. Ndivyo?"

"Ndivyo, Afande."

"Basi tulifunge tuone linakufa lini."

Macho ya Mosoti yalikwenda kwenye gazeti lenye miraba minane, akaelewa kabla hajaambiwa. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekutana na mwenye kazi kama yake.

"Wewe ungekuwa fundi."

"Kila moja irudi kwenye tundu lake lilelile. Baada ya kila moja, unapima."

Mlango ulirudishwa. Skrubu ya kwanza, balbu haikuwaka. Ya pili. Ya tatu. Ukumbi ulikuwa umejaa sasa, wanawake wameshuka nusu ngazi, mikono yao ya kijani imening'inia. Ya nne. Ya tano. Kiptanui alishika ya sita mkononi, ile ya chuma, akailinganisha na jirani yake kabla ya kumpa fundi. Ilizidi kwa urefu wa ukucha.

Mosoti aliizungusha polepole. Mara nne, mara tano. Kwenye mzunguko wa mwisho balbu ikawaka.

 Mosoti aliirudisha nyuma nusu mzunguko, balbu ikazima. Akaikaza, ikawaka. Akaitoa kabisa, akaiweka kiganjani mwa Inspekta.

"Nyuma ya tundu hilo inapita waya kubwa ya shaba iliyo wazi, ile inayogawa umeme. Nilipima mwenyewe. Skrubu yangu inaishia hapa," akaonyesha kwa ukucha, "na kunabaki nafasi. Hii inafika mpaka kwa shaba, na yenyewe imeshika bati, na bati liko ardhini. Hiyo ndiyo ugonjwa yote. Skrubu moja."

"Ulitumia skrubu za chuma popote katika dawati hili?"

"Hakuna. Chuma inashika kutu hapa na mvua yetu. Nilizinunua za shaba zote, siku moja, duka moja."

Kiptanui alivuka ukumbi mpaka kwenye marundo ya mbao za makasha yaliyoleta mashine. Aliinua kipande kimoja. Skrubu za chuma zilikuwa bado zimebaki kwenye mbao, za urefu uleule. Yeyote angeweza kuokota moja hapa. Kwa hivyo hiyo haikumwambia nani.

Alirudi, akauliza kama anayeuliza jambo dogo: "Mzee, kwa nini waya wa kikausho ni wa njano?"

Mosoti aliona aibu. "Hiyo iliniuma. Ilikuwa bluu, lakini Jumamosi jioni nilipokaza mara ya mwisho ikakatika, na bluu ilikuwa imeisha. Nikaweka njano, nikasema nitabadilisha wiki ijayo. Nikafunga mlango, nikaenda Merigi."

"Jumamosi jioni saa ngapi?"

"Saa kumi. Huyu msichana alinishikia tochi."

Tecla alikuwa mwisho wa ngazi. Kila mtu aligeuka kumtazama, naye akashika daftari kifuani. "Ni kweli," alisema. "Tulikuwa sisi wawili. Alifunga skrubu zote, akaniambia niangalie vile zimesimama. Nilitaka kusema jana, lakini hakuna aliyeniuliza."

"Nimekuuliza sasa. Asante." Kiptanui alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake. "Injinia Kebaso. Uliondoka hapa Jumamosi saa sita. Hukurudi, na jana hukufungua mlango huu, kwa kulinda ushahidi. Waya wa njano uliingia ndani Jumamosi saa kumi na mlango ukafungwa juu yake. Asubuhi hii, ofisini, kabla mlango haujafunguliwa, uliniambia kikausho kina waya wa njano. Uliuona kupitia wapi? Bati?"

Mkono wa Kebaso ulikwenda kwenye mfuko wa koti, palipochomoza ncha ya daftari, ukaufunika. 

"Nipe daftari lililo mfukoni mwako," Kiptanui alisema.

Kwa muda ilionekana kama atakataa. Halafu alilitoa. Lilikuwa na jalada jeusi, na katika kurasa nne za mwisho, kwa penseli iliyochongwa vizuri, kulikuwa na mchoro wa ndani ya dawati: swichi tatu, mafungu ya nyaya, mishale, alama za kuuliza. Kando ya mstari mmoja kulikuwa kumeandikwa, *njano?*

"Jumapili," Kebaso alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mlinzi alidhani nimetumwa. Kampuni yetu ilileta mchoro wa swichi sita, meneja akaukataa, akachukua kazi ya mtu ambaye... ambaye hajakanyaga chuo. Nikalitazama likifanya kazi Jumamosi. Feni isipozunguka, moto wa kikausho haufunguki. Kikausho kikisimama, kila kinachokilisha kinasimama nacho, chai haiungui. Kwa swichi tatu! Nilikaa usiku mzima na karatasi, sikuweza. Nilitaka kuona tu. Skrubu moja iliniponyoka ikaingia kwenye mfereji, nikaokota nyingine pale kwa makasha. Haki ya Mungu sikujua inagusa."

"Nakuamini kwa hilo," Kiptanui alisema. "Lakini Jumatatu dawati lilipokufa, ulijua ulilifungua. Ukaandika taarifa kwa mkono wako kwamba ni Mzee Mosoti. Akalala selo. Hilo ulilijua."

Kebaso alirudi nyuma, akaketi juu ya kasha.

"Mzee," Kiptanui alimwambia Mosoti, "una skrubu nyingine ya shaba?"

Mosoti alikuwa nayo. Aliikaza, akausimamisha mfuo wake, kisha akaisimamisha mingine saba mmoja baada ya mwingine, bila haraka, Kipkorir akiwa nyuma yake anatazama saa na kujizuia kusema. Balbu haikuwaka. Fyuzi mpya. Ufunguo. Taa.

Saa tano na dakika ishirini alibonyeza FENI.

Ghorofani feni ya kwanza iliguna, ikavuta pumzi, ikashika kasi. Ya pili ikafuata. Upepo ulipita chini ya majani, na harufu yake ikashuka ngazi ikajaza ukumbi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nje getini wakulima wakaanza kuitikia bila kujua wanaitikia nini. Halafu mashine za kusaga zikaanza, sakafu ikatetemeka chini ya viatu, na ikawa hakuna tena kusikilizana ila kwa kupiga kelele.

Kipkorir alimkabili Mosoti, akavua kofia. "Mzee, nilisikia vibaya," alisema kwa nguvu ili watu wasikie. "Ulisema isiwake. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Nisamehe."

"Imeisha," Mosoti alisema. "Lakini mke wangu hajui niko wapi tangu jana. Nipe mtu ampelekee habari."

Kipkorir alituma gari la kiwanda.

Kiptanui alimpeleka Kebaso ofisini, akampa karatasi, akamwambia aandike yote kwa mkono wake mwenyewe, tangu Jumamosi. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi lilikuwa kosa, nalo lingefika kwa hakimu Kericho. Kebaso aliandika kurasa tatu, akatia sahihi. Walipotoka kuelekea garini walipita kando ya dawati. Mosoti alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja juu ya bati, akisikiliza.

Kiptanui alisita. Daftari jeusi lilikuwa kielelezo mahakamani. Lakini kabla ya kulifunga ndani ya bahasha alimwonyesha Mosoti zile kurasa nne. "Angalia uniambie kama ni dawati lako. Nahitaji shahidi."

Mosoti alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisoma mchoro kwa kidole, mstari kwa mstari, na mara mbili akatikisa kichwa kwa kukubali. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kilisimama.

"Ni langu," alisema. "Huyu kijana ana mkono mzuri. Hata mimi sijawahi kulichora hivi." Halafu akamtazama Kebaso, ambaye pingu zilikuwa zimemshika sasa. "Lakini hapa umekosea. Huu waya wa sumaku ya pili umeurudisha kwa ufunguo. Hauendi huko. Unaenda kwa feni kwanza. Ndiyo maana ulikesha ukashindwa."

Kebaso aliinama juu ya ukurasa. Mngurumo ulikuwa mkubwa, na Kiptanui aliona midomo yake ikisogea, ikihesabu njia ya umeme kutoka feni mpaka sumaku, kutoka sumaku mpaka moto. Ilipofika mwisho, ilisimama.

"Kwa feni kwanza," Kebaso alisema.

"Kwa feni kwanza. Ukimalizana na Serikali, uje. Nitakuonyesha mengine."

Askari alimgusa Kebaso kiwiko. Akaenda, lakini mpaka mlangoni alitembea uso wake ukitazama nyuma, kwenye dawati la kijani na mtu aliyesimama mbele yake, na Inspekta Kiptanui hakumharakisha.